Nyayo za Mwaka Jana

Asubuhi theluji ya kwanza ilipoanguka Nerdal, Oddny Brekke alikuwa kibarazani akitoa skii za mawe. Kila nyumba ya huko ina skii za aina mbili: nzuri, ambazo hazitoki ghalani mpaka theluji ifike magotini, na za mawe, kuukuu, zilizochunika tumboni, za kutumia mwanzo wa msimu wakati hata vichwa vya nyasi havijafunikwa. Anayetoka na skii nzuri mwezi wa kumi huonekana mgeni au tajiri, na Nerdal hakuna anayependa kuonekana lolote kati ya hayo.

Theluji ilikuwa nyembamba, ya vidole vitatu hivi, na kama kawaida ilikuwa imeanguka na nyayo za mwaka jana.

Theluji ya kwanza ya Nerdal huja na alama zote za theluji ya kwanza iliyoitangulia, kila moja mahali pake, nazo hukaa hapo mpaka zikanyagwe au upepo uzifute. Watu wamezoea, kama wengine walivyozoea mbu. Watoto hufundishwa adabu yake mapema: siku hiyo mtu mstaarabu hutembea akitazama juu. Zamani kuna mchungaji wa kanisa alihamishwa kwa sababu ya nyayo zilizotoka mlango wa nyuma wa mwalimu wa kwaya, na mpaka leo wanakijiji wanashikilia kwamba mkosaji alikuwa yule aliyetazama chini.

Oddny alitazama chini kwa sababu alikuwa anatafuta mahali pa kuweka skii.

Katikati ya ua palikuwa na duara la nyayo za mbwa, zimekanyagana, zimezunguka nguzo, zimerudi, zimezunguka tena, na mnyororo umechora mstari wake pembeni. Zilikuwa za Kvikk, mbwa wake mweusi. Kidole kimoja cha mguu wake wa mbele kilikuwa kimepinda tangu utotoni, na kila alama ilikuwa na upinde wake. Duara lile halikuwa na njia ya kutokea. Kvikk alishinda amefungwa pale kutwa nzima, siku ileile ambayo Nerdal yote ilikubaliana kwamba alikuwa ziwani akiwafukuza kulungu wa Aslak.

Kulungu wa kufugwa wa Aslak walikuwa wamekimbilia kwenye barafu changa ya Ziwa Langvatn, ikavunjika, wakazama. Halvard, mwenyekiti wa klabu ya mbwa wa kukokota, alisema ameona kwa macho yake mbwa mweusi, peke yake, akiwaswaga. Mbwa mweusi wa peke yake, asiye na timu, kijijini alikuwa mmoja tu. Oddny siku hiyo alikuwa kazini jikoni kwenye nyumba ya wazee, asingeweza kuapa, na ni kweli Kvikk alishawahi kuchomoka kwenye ukosi. Klabu ikakaa, ikapiga kura, mbwa akapigwa risasi. Oddny mwenyewe ndiye aliyemshika kichwa, maana kwa mtu mwingine asingetulia. Kisha akaoka keki akampelekea Aslak kuomba radhi, na Aslak, ambaye hana makuu, akaila. Kikao kiliamua jambo moja zaidi: katika matembezi ya klabu, mbwa yeyote wa Oddny atakimbia wa mwisho. Na sasa alikuwa na Rapp, mdogo wake Kvikk kwa mama, aliyezaliwa kuongoza kama wengine wanavyozaliwa kuimba. Mbwa kama huyo ukimweka nyuma misimu miwili, anajifunza kukaa nyuma.

Oddny aliketi kwenye ngazi, akamwomba Kvikk msamaha kwa sauti, kama anavyoombwa mtu. Iliuma kuliko siku ya risasi. Siku ile angalau alidhani ametenda haki.

Kisha alimshika Rapp kwa kamba fupi wakafuata njia ya ziwani, wakipita pembeni ili wasiharibu kitu. Alama zilianzia kwa Halvard: mistari ya sleji, kigari cha kuteleza kisicho na magurudumu, na mbele yake mbwa wanane wawili wawili. Baada ya daraja sleji ilisimama. Buti za mtu zilishuka, zikaenda mpaka kwenye msonobari, na penye msonobari palikuwa na kitundu cha manjano cha haja ndogo. Nanga ya sleji, ndoano ya kuizuia isiondoke, ilikuwa imechimbiwa kwenye theluji, na kutoka hapo ilichora mchirizi mrefu ulionyooka, kwa sababu kwenye theluji ya vidole vitatu nanga haishiki hata paka. Halvard huwaambia hivyo wageni kila mwaka kabla ya msimu. Buti zilitoka mbio, hatua ndefu ndefu, halafu palikuwa na Halvard mzima aliyeanguka kifudifudi, mikono mbele, na mdomo wazi umeacha kijishimo chake. Mbele zaidi zikaingia kwato, nyingi, na kati ya kwato nyayo za mbwa na mistari ya sleji tupu. Ufukweni sleji ilinasa kwenye kisiki, na hapo buti zikaifikia. Kwato ziliendelea. Ziwa mwaka huu lilikuwa halijaganda, kwa hiyo ziliishia majini.

Oddny alielewa mara moja. Kulungu kuzama ni ajali. Huandikwa, mtu hutoa pole, maisha yanaendelea. Lakini kuachia sleji! Mtu aliyeachia sleji Nerdal huchekwa mpaka kaburini, na jeneza likishushwa hakosi mmoja wa kusema shikeni vizuri.

Akampigia Aslak simu.

"Njoo uione njia ya ziwani kabla haijakanyagwa."

"Kuna nini?"

"Wewe njoo uone."

"Nina wanyama zizini, dada. Saa sita nitakuwa hapo. Mtu asipite."

"Hapiti mtu," alisema Oddny.

Saa nne klabu ikafika yote, kwa sababu siku ya theluji ya kwanza hakuna anayebaki nyumbani. Magari yalijipanga kando ya daraja, mbwa wakashushwa kutoka kwenye masanduku yao, na makelele yakaanza. Mbwa wa kukokota akiona theluji ya kwanza habweki. Analia kama anayedai urithi. Watu walikuwa na furaha. Walipeana mikono, wakachekana skii zao za mawe, wakakaguana vitambi vya kiangazi. Kila mmoja alipofika kwenye msonobari alitazama juu, akasifu hali ya hewa. Mashine ya kutengeneza njia haikuletwa, maana theluji ilikuwa kidogo mno na mawe yangeivunja meno.

"Theluji nzuri," alisema Halvard, akilitazama wingu.

Oddny alikuwa ameshamvika Rapp mishipi ya kukokotea. Hakuwa amefikiri, mikono ilifanya yenyewe, kama kila mwaka. Kamba ya mpira ilitoka kwa mbwa ikaja kwenye mkanda wa kiuno chake, na mkanda ameufunga kwenye mti kwa fundo la kuvuta. Hilo lilikuwa kosa lake, na mtu wa Nerdal alipaswa kulijua: ukishamvika mbwa mishipi, umeshamwahidi mbio.

"Halvard," alisema, "hizi ni nyayo za nani?"

"Za mbwa."

"Mbwa wa nani?"

"Ah, mbwa ni wengi, Oddny."

"Usituchoshe, Halvard," alisema Bi Gudveig, mweka hazina, mama mtu mzima aliyekuwa akimimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa. "Ni timu yako, wote tunaona. Na pale ndipo ulipobusu ardhi. Mdomo wako huo, hata pengo lipo."

Watu walicheka kidogo. Halvard alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Mtu mmoja nyuma aliuliza kama nanga ilishika, na kicheko kikaongezeka.

"Kwa hiyo mnajua," alisema Oddny.

"Tunajua tangu leo asubuhi," alisema Gudveig. "Mwaka jana tulikuwa tunahisi tu."

"Nimemshika kichwa, Bi Gudveig. Kwa mikono hii."

"Najua, mwanangu. Pole sana." Akampa kahawa. "Lakini hebu fikiri. Kvikk alikuwa mmoja. Hawa ni wanane, na ndio wanaotuletea kombe. Ungetaka tuue wanane? Ingekuwa ukatili."

Wengi walitikisa kichwa kukubali, maana ukatili kwa wanyama ni jambo ambalo Nerdal haivumilii.

"Aslak anakuja saa sita," alisema Oddny. "Ataona mwenyewe."

Halvard alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. Alikuwa mtu mwenye mapungufu, lakini aliwajua mbwa, na aliyewajua mbwa aliwajua watu kiasi cha kutosha.

"Oddny," alisema kwa upole, "leo Rapp aongoze. Wewe mbele, sisi wote nyuma yako. Kama zamani."

"Kweli kabisa!" alisema mtu.

"Haki yake!" alisema mwingine, na klabu ikapiga makofi ya glavu.

Oddny alijua anachopewa. Hakuwa mjinga. Alijua skii zake zingepita juu ya mchirizi wa nanga, na nyuma yake skii nyingine, na sleji, na miguu ya mbwa wote wa klabu, na kwamba kufika saa sita pasingesalia ukwato hata mmoja. Alitaka kusema ngojeni. Lakini Rapp alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma ndani ya mishipi, anatetemeka mwili mzima, anaruka, anageuka kumtazama, anaruka tena. Tangu azaliwe hajawahi kuona njia tupu mbele yake. Siku zote ameona matako ya mbwa wa wengine. Na Kvikk amekufa, iwe saa sita au saa nne.

Hakuna mwingine aliyelivuta fundo lile. Alilivuta yeye mwenyewe.

Basi walikwenda! Rapp alichomoka, kamba ikanyooka, mpira ukavutika, na Oddny akang'olewa pale mtini nusura aache roho. Skii zilikwaruza mawe, zikapiga kelele, zikateleza. Misonobari ilipita huku na huku, hewa baridi ikamtoa machozi, na machozi yakaganda mashavuni. Kwenye kona Rapp alikata kulia bila kuambiwa. Kwenye mteremko alitandaza masikio akakimbia kama anarudi nyumbani. Oddny alicheka kwa sauti. Alikuwa na furaha, furaha ya kweli isiyo na doa, na aliichukia ikiwa inaendelea. Nyuma yake klabu nzima ilikuja ikipiga vigelegele. Walipita juu ya kitundu cha manjano, juu ya Halvard aliyelala kifudifudi, juu ya kwato zote, mpaka ufukweni.

Waliwasha moto, wakachoma soseji, wakala mkate na jibini ya kahawia. Wote walimsifu Rapp. Halvard alimpa kipande cha nyama kutoka mkononi mwake, na Rapp, kwa kuwa ni mbwa, alikila.

Aslak alifika saa sita kamili kwa pikipiki yake ya magurudumu manne. Alizima injini, akashuka, akaitazama njia kwa muda mrefu. Ilikuwa pana, laini, imeshindiliwa kama sakafu.

"Nani amepita kwanza?"

"Mimi," alisema Oddny.

Alimweleza yote, mbele ya watu wote: msonobari, nanga, buti, sleji tupu, kwato zilizoishia majini. Hakuna aliyembishia. Halvard aliendelea kugeuza soseji. Aslak alisikiliza mpaka mwisho, mikono mifukoni.

"Mwaka jana nilisikiliza maneno," alisema. "Maneno yaliniambia ni mbwa wako. Leo nilikuja kuona."

"Aslak, ndugu yangu, ni kweli."

"Inawezekana," alisema Aslak. Akapokea kahawa kutoka kwa Bi Gudveig, akaketi karibu na Halvard, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi.

Kabla ya kuondoka Gudveig alitangaza matembezi ya Jumamosi. Uamuzi wa kikao ulikuwa haujatenguliwa, alisema, na leo haikuwa kikao, kwa hiyo Oddny atarudi nyuma kama ilivyopitishwa. Aliuliza kama kuna pingamizi. Soseji zilikuwa za moto na watu walikuwa wanatafuna.

Mwaka uliofuata theluji ya kwanza ilichelewa. Ilianguka usiku, bila upepo, na asubuhi njia ya ziwani ilikuwa na kila kitu mahali pake: mbwa mmoja mbele, hatua zake ndefu za furaha, skii mbili za mawe nyuma yake, na nyuma ya hizo klabu nzima imejipanga. Kwa mara ya kwanza watu wa Nerdal walitazama chini bila aibu, hata wakawaleta watoto. Walisema hawajapata kuona njia iliyofunguliwa vizuri kama ile, na wakamtafuta Oddny wampe mkono. Walimkuta mwisho wa foleni, akimvika Rapp mishipi. Rapp hakuruka wala hakulia. Alikuwa ameketi, akingoja wenzake wapite.