Majeruhi wa Bi Orysia

Orysia alifungua ukumbi wa mazoezi wa shule, akasukuma magoli pembeni, akawasha hita. Marehemu walikuwa wameshafika, wamesimama kwenye theluji bila makoti. Walianza kuja baada ya watu waliojitolea kuigiza majeruhi kuchoka kupakwa rangi nyekundu. Hawa hawakuhitaji rangi. Kila mmoja alilala sakafuni, akavuja damu kwenye jeraha lilelile lililomuua, na wanafunzi wake Orysia wa huduma ya kwanza ya vitani wakajifunza upesi kuliko zamani.

"Lia kidogo basi, kaka," mwanafunzi mmoja alimtania Yukhym, aliyekuwa dereva wa trekta kabla ya vita.

"Kaza mkono, acha domo. Nakufa mara ya pili hapa."

Kisha ikaja zamu ya Demyan, mtoto pekee wa Orysia, ambaye kesho yake angepelekwa mstari wa mbele. Alipitisha mkanda wa kubana damu juu ya paja la Yukhym, akauvuta, akasokota kijiti chake cha kukazia. Hakukosea popote. Kijiti kikakatika.

"Ndivyo ilivyokuwa," Yukhym alisema. "Aliyenihudumia naye hakukosea. Alilia, maskini."

Orysia alimchukua Yukhym na kile kijiti hadi kwa Hordiy, bwana stoo. Mfagizi aliwafuata nyuma akipiga deki damu ya Yukhym, akinung'unika. Hordiy aliweka kando bakuli lake la uji, akawasalimu wote wawili.

"Mikanda hii imepita ukaguzi, Bi Orysia."

"Huyu hapa imemuua!"

"Namwona. Pole sana, ndugu yangu. Lakini napokea malalamiko ya walio kazini tu."

"Kila asubuhi niko kazini," alisema Yukhym.

"Bila mkataba," Hordiy alisema, na hapo hakudanganya.

Orysia alimchukia mtu yule hadi meno yakamuuma. Alipekua mikoba yake yote akitafuta mkanda mmoja wa zamani, ule mzuri. Mikanda ya aina hiyo yote alishawagawia watoto wa wenzake. Demyan akafungasha ile ya stoo.

"Usijali, mama. Ikikatika nitabana kwa goti."

Kesho yake, basi lilipoondoka naye, Orysia alirudi ukumbini. Marehemu walikuwa wamelala tayari, lakini walikuwa wamesogeleana, wakaacha nafasi ya mtu mmoja kando ya Yukhym.

"Nani hajafika?" aliuliza.

Yukhym alitazama dirishani kwanza.

"Bado, Mama Demyan. Tumemwekea tu."

Orysia aliwashukuru, maana walikuwa na nia njema, kisha akawagawia wanafunzi mikanda.