Kukojoa kwa Niaba

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajanywa chai, Daphine alimpima mgonjwa wa kitanda cha tano akapata kilo sabini na nane. Jana yake zilikuwa sabini na sita. Mgonjwa hakuwa amekula cha kumnenepesha mtu. Yalikuwa maji tu, yameingia yakakosa pa kutokea. Daphine alibonyeza muundi wake kwa kidole gumba, shimo likabaki pale kama kwenye donge la mandazi. Akainama kuangalia mfuko wa mkojo ulioning'inia chini ya kitanda. Ulikuwa mtupu tangu juzi.

Mgonjwa aliitwa Shakul, muuza vipuri vya baiskeli wa Bugembe, aliyefungwa miezi minane kwa kununua pikipiki ya wizi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na pingu, na pingu hiyo iliishia kwenye mkono wa askari jela, Afande Romano. Kwa kawaida mfungwa hufungwa kwenye kitanda. Lakini vyuma vya vitanda vya wodi ile vilikuwa vimelegea, vinang'oka ukivishika tu, basi mkuu wa gereza akaamua askari ndiye awe kitanda. Wagonjwa wengine walimtania Romano kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Romano hakucheka. Alikuwa mtu wa kanuni.

"Afande, fungua huo mkono, unavimba," Daphine alisema.

"Kanuni, Sista."

"Hiyo kanuni inajua kwamba huyu figo zimemlala?"

"Kanuni haijui figo. Tena, Sista, mimi naomba choo."

Ilikuwa mara ya sita tangu alfajiri, na kila safari ilibidi Shakul afunguliwe, afungwe kwenye bomba la sinki, kisha arudishwe. Daphine alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na moja sasa, na hakuwa na subira na mambo ya kuzungukazunguka. Alivuta pazia, akampa askari jagi la kupimia. Likajaa nusu lita ya mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Ndiyo rangi iliyokuwa kwenye mfuko wa Shakul siku alipoletwa. Romano alikuwa amekunywa kikombe kimoja cha chai tangu jana.

Kufikia jioni Romano alikuwa ametoa lita tatu na nusu. Kesho yake Shakul alipimwa akawa na kilo sabini na tano na kope zake zikaweza kufunguka. Daktari alipopita aliisoma chati, akauliza zile mililita ni za nani.

"Za afande," Daphine alijibu.

Daktari alifikiri kidogo, akasema basi ziandikwe palepale kwenye chati ya mgonjwa, upande wa maji yanayotoka, na jina la askari liwekwe pembeni ili wa zamu ya usiku asichanganyikiwe. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa mbali, na gari la gereza halikuwa limepata mafuta tangu Pasaka. Hakuna aliyeona sababu ya kubishana na kitu kinachofanya kazi.

Hapo Daphine akajikuta mahali pabaya. Siku mbili nzima alikuwa amepigania pingu ifunguliwe, na sasa kila akiingia zamu alianza kwa kukagua kama imefungwa vizuri. Aliizungushia bandeji isichubue ngozi, ya mgonjwa wala ya askari. Alijichukia kidogo, lakini aliendelea kukagua.

Siku ya nne alikuja Nulu, dada yake Shakul, na chupa kubwa ya maji ya matunda na kichane cha ndizi mbivu, maana kwao mgonjwa asiyenyweshwa ni mgonjwa asiyependwa. Daphine alivichukua vyote viwili akaviweka juu ya kabati.

"Pole, dada yangu. Kwa siku anaruhusiwa vikombe vitatu tu. Na ndizi sasa hivi zinaweza kumsimamisha moyo."

"Banange, jamani!" Nulu akapandisha sauti, wodi nzima ikageuka. "Kaka yangu alinyimwa maji huko kwenye miwa mpaka akaanguka. Sasa na wewe unamnyima? Nyinyi wote mmeambizana?"

Daphine alimpa kipande cha pamba kilicholoweshwa, akamwonyesha namna ya kumpangusa kaka yake midomo na ulimi ili kiu ipungue. Nulu alifanya hivyo huku akilia. Romano, kwa kuwa hakuweza kwenda mahali, alitazama sakafu.

Nulu alipoondoka, askari alizungumza bila kuulizwa. Alisema wafungwa hukodishwa kwa mwenye shamba la miwa, na jerikeni ya maji huwekwa mwisho wa mstari. Ukimaliza mstari wako, unakunywa. Msimu huu mwenye shamba aliirefusha mistari, jerikeni ikasogea nayo.

"Nani alikuwa anakaa na jerikeni?" Daphine aliuliza.

"Mimi, Sista. Aliniomba mara mbili. Nikamwambia amalize kwanza." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono usio na pingu. "Nasikia aibu. Si aibu ya hili jagi."

"Mara tatu, afande," Shakul alisema, macho yakiwa yamefumba.

"Mara tatu," Romano alikubali, kisha akaomba pazia.

Siku ya saba barua ya uhamisho ilifika. Romano alikuwa ameiomba kwa miaka mitatu. Mkewe, Lillian, aliuza unga kwenye duka la jumla kule Mbale, na wawili hao walikuwa wakionana Krismasi tu, kama wageni wa mwaka. Barua ilimtaka aripoti Mbale siku inayofuata. Alimpa Daphine aisome, na Daphine aliisoma mara mbili ingawa ilikuwa na mistari minne.

Aliogopa, na hakuficha. "Sikwambii usiende," alisema. "Nataka ujue tu. Ukienda, huyu pengine anakufa."

"Nikikataa, wananifukuza kazi. Na yule mwanamke nimemchosha, Sista. Alisema hii ndiyo mara ya mwisho anangoja."

"Nenda, afande," Shakul alisema. "Hata mimi nilikuwa na mke."

Romano alifunguliwa saa nne asubuhi. Nafasi yake ilichukuliwa na Andrew, askari mpole aliyekuwa mlinzi wa stoo, ambaye alijifunga pingu ileile kwa sababu kanuni ni ileile. Daphine alimpa Andrew jagi, akangoja. Saa nne zilipita. Andrew hakusikia haja yoyote. Yeye hakuwahi kukaa na jerikeni.

Saa tisa simu ya wodi ililia.

"Sista, ni Romano. Niko Tirinyi. Nimesimamisha basi mara tano, abiria wanataka kunipiga."

Daphine aliketi kwenye kiti. "Umepima?"

"Nimepima na chupa ya soda. Chupa nne, zimejaa."

"Zile ndogo au za nusu lita?"

"Za nusu lita."

Akaandika kwenye chati: lita mbili, Tirinyi.

Kumbe chuma hakikuwa na kazi yoyote. Daphine alimweleza Andrew hivyo, akamwomba aifungue pingu sasa, kwa kuwa mgonjwa hana nguvu za kukimbia hata hadi mlangoni. Andrew alimsikiliza vizuri, akakubali kila neno, na pingu akaiacha ilipo.

Tangu siku hiyo takwimu zilikuja kwa simu kutoka Mbale, asubuhi, mchana na jioni. Lillian ndiye aliyezisoma, maana alikuwa hodari wa vipimo, naye alinunua jagi jipya lenye mistari ya kuonekana. Alimwambia Daphine kwamba mume wake amerudi mtu mwingine, na hata ikibidi kusafisha choo mara kumi kwa siku, ataikubali hali hiyo. Shakul alishuka hadi kilo sitini na nane, mifupa ya uso ikarudi. Alianza kumtania Daphine kwamba anamwibia maji.

Siku ya kumi na tisa, wakati Nulu anampangusa midomo, mfuko ulio chini ya kitanda ulikuwa na kitu. Mililita thelathini. Daphine aliunyanyua mwangani, akaona rangi ya njano, safi kabisa. Nulu alipiga vigelegele, kitanda cha tatu kikaitikia, na bibi mmoja aliyelazwa kwa mawe ya figo akacheza ameketi. Daphine alilia mbele ya watu na hakujali. Jioni Lillian alipiga simu kusema mume wake amelala mchana kutwa bila kuamka, je, ni vibaya? "Ni vizuri sana," Daphine alisema.

Wiki mbili baadaye Shakul aliruhusiwa. Kwenye karatasi yake Daphine aliandika kwa herufi kubwa: anywe lita tatu kwa siku, asifanye kazi juani. Andrew aliikunja karatasi hiyo, akaitia mfukoni mwa shati. Jumatatu Shakul alikuwa shambani.

Mwezi uliofuata alikuja hospitalini askari aitwaye Ojok. Ndiye aliyepewa kiti cha Romano kule kwenye miwa.

"Sista, nakojoa sana. Jana mara ishirini na nne. Wamenipima sukari, sina."

"Na wafungwa wako? Shakul?"

"Wale? Wazima. Hata huyo. Hawanywi, lakini wazima."

"Jerikeni iko wapi?"

"Mwisho wa mstari."

"Dawa yako ni kuisogeza katikati."

"Hiyo siwezi. Mwenye shamba hataki watu wasimamesimame."

"Basi utaendelea kukojoa, afande."

"Kwa siku ngapi?"

"Romano alikojoa wiki mbili na zaidi kwa ajili ya mtu mmoja. Wewe unalinda wangapi?"

"Arobaini na wawili."

Ojok alifikiri kidogo, kisha akauliza choo kiko upande gani.