Nafasi ya Kiwiko

Baba alifika na baiskeli iliyojaa vumbi la Kitale, akaiegemeza kwenye mlingoti wa bendera, mahali ambapo hata walimu hawakuthubutu kuegemea. Tulikuwa tumeshapanga mistari. Nikajua amekuja kunitoa shule.

Mwaka huo wa 1951 shule yetu ya Kimilili ilikuwa ya baraza la elimu la wilaya, si ya misheni. Nusu yetu tulikuwa Wakatoliki, wengine wa Kanisa la Marafiki, yaani Quaker, na kila asubuhi palizuka zogo: sala ianze kwa ishara ya msalaba au isianze nayo? Mwalimu Mukhisa, mtu mpole asiyependa makelele, akaona amepata dawa. Tusimame kimya, kila mtoto aombe kivyake.

Maskini, hakukumbuka kwamba Marafiki huabudu hivyo hivyo, kwa kunyamaza. Alilelewa humo, kwa hiyo hakuona kama ni dini ya mtu. Habari zikamfikia Baba huko Kitale alikokuwa akipasua mbao, na Baba alikuwa Mkatoliki kindakindaki.

"Mwalimu, hiyo kunyamaza ni kanisa yenu," alisema. "Agneta anarudi nyumbani."

"Mzee Wekoye, si ungoje tu tumalize," Mwalimu alimjibu. "Halafu umchukue."

Kengele ikalia, tukanyamaza. Kusema kweli, nilimchukia Baba dakika ile. Shule nyingine ya kunipokea ilikuwa mbali mno, na nyumbani lilinisubiri jembe. Nikainua mkono, nikafanya ishara ya msalaba mbele ya wote, nikasali Salamu Maria. Hakuna aliyecheka. Peris, binti wa Marafiki aliyesimama kando yangu, alifumbua jicho moja, akasogea kidogo ili kiwiko changu kipate nafasi.

Mpaka leo, nikisikia harufu ya mahindi mabichi baada ya mvua, kama ya shamba lililozunguka shule yetu, namkumbuka Peris na jicho lake lile moja. Jinsi ninavyotamani kumwona tena!

Baba alituona. Akavua kofia, akajipiga ishara ya msalaba, midomo yake ikaanza kucheza.

Kengele ya pili ikalia. Tukafumbua macho, lakini Baba alikuwa bado anasali. Mwalimu Mukhisa akatupungia mkono tutulie, na shule nzima ikamngoja.

Alipomaliza alivaa kofia, akachukua baiskeli yake, akaondoka bila mimi.