Luteni Haskins Arudisha Mabawa

Bahari ilikuwa imechafuka tangu asubuhi, na sitaha ya manowari ya kubebea ndege ilipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyetoka mbio. Ndege zote zilikuwa zimeshatua isipokuwa moja. Darlene Fontenot, aliyevaa fulana ya njano ya waongoza ndege, alisimama pembeni akimtazama Luteni Haskins akija mara ya pili. Magurudumu yakagonga chuma, ndoano ya mkiani ikaziruka nyaya zote za kuinasia, cheche zikatapakaa. Rubani akaongeza moto, akapaa tena.

"Huyu leo anatafuta nini?" Odell, mwenzake wa zamu, alipiga kelele huku akimwegemea begani.

"Anatafuta waya, kama wenzake."

Mara ya tatu ikawa yale yale. Mafuta hayakutosha tena kumfikisha nchi kavu, na ndege ya kumjazia angani ilikuwa mbovu. Amri ikatoka: tegeni wavu. Watu wa fulana za kila rangi wakalikimbilia rundo la mikanda minene ya wavu huo, wakalikokota, wakaliinua kwenye nguzo zake likaziba sitaha.

Haskins akaja. Wavu ukamkumbatia, ndege ikapinda upande, ikasimama karibu na ukingo. Lakini injini ilikuwa ingali ikinguruma. Darlene akajisogeza mahali pa kuonekana. Nyuma ya kioo rubani alikuwa ametoa macho, mikono imemganda.

Darlene hakupunga kwa pupa. Aliinua mkono polepole, akaupitisha shingoni: zima. Akarudia, vile vile, kama siku yoyote. Hatimaye macho yao yakakutana, na injini ikanyamaza.

Kesho yake Odell alifika mezani na habari.

"Umesikia? Bwana mkubwa karudisha mabawa yake kwa kamanda. Haruki tena." Akayamwagia mayai yake pilipili. "Kumsomesha kote kule, kumbe ana roho ya kuku!"

"Kula, Odell."

"Nasema tu. Mimi mama yangu asingenifungulia mlango."

Mchana Haskins alimkuta Darlene chini kwenye gereji ya ndege. Kifuani pake, palipokuwa na beji ya mabawa ya urubani, palibaki matundu mawili. Darlene akasimama wima.

"Hapana, kaa. Nimekuja kushukuru."

"Nilifanya kazi yangu tu, afande." Kisha akajikaza. "Lakini pumzika kwanza, usiamue kwa hasira. Wengi hutetereka, halafu hurudi."

"Ile mara ya tatu nilifumba macho."

"Ulipepesa."

"Nilifumba, Fontenot. Nikaiacha ishuke yenyewe. Wote walidhani ni mawimbi. Ningenyamaza, kesho wangenipanga tena, na pale pembeni ungekuwa umesimama wewe. Kamanda nimemwambia yote."

Darlene akakumbuka mahali aliposimama, na uzito wa Odell begani mwake.

"Nyumbani wanajua?"

"Baba alikuwa rubani wa manowari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakata simu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akiangalia sakafu. Darlene akasimama wima tena.

"Asante, afande."

Haskins akainua uso, kama mtu aliyeitwa kwa jina asilolitarajia.

Aliondoka siku mbili baadaye kwa ndege ya kuleta barua. Odell alipomwona akipanda ngazi za sitaha na mfuko wake mkubwa, akacheka. "Kuku wako huyo anaruka!"

Darlene akamvuta kando, akamweleza yale aliyoambiwa gerejini. Odell alisikiliza, akakunja uso, akatazama ile nafasi yao ya kusimama kando ya nyaya. Akamfuata Haskins mbio, akaushika mfuko.

"Nipe mimi, afande. Upepo mkali."

Haskins alisita, kisha akauachia. Wakatembea pamoja hadi mlangoni mwa ndege, wameinama dhidi ya upepo. Kwa zile kelele za injini, hata wangesema wasingesikiana.