Mjane wa Duane

Siku mfuko wa pensheni ulipoikataa amri yangu ya mahakama, Duane alicheza katikati ya ukumbi wa bolingi, viatu vya kukodi miguuni, tumbo likimtangulia. Aliununulia mji wote wa Lorain bia. Au kama si wote, basi ile nusu yenye kiu.

Huyo mtu nilimfulia ovaroli za kiwanda cha chuma hadi mashine ikaanza kukohoa kutu. Jaji alipotutaliki, alinipa nusu ya pensheni yake. Lakini mfuko haulipi kwa hukumu ya talaka tu. Unataka amri ya pekee, na uikague na kuikubali wenyewe. Wakili wangu, Bwana Pavlik, aliandika jina la kiwanda mahali pa jina la mfuko. Ikarudi. Na kama Duane angestaafu kabla haijakubaliwa, mafao ya mjane, yale anayolipwa mke mume akifa, yangemwendea Trudy, mke wake mpya.

Trudy mwenyewe nilimsikia saluni akijitapa kwamba wanahamia Florida. "Verna kabaki na karatasi," alisema, "mimi nina mzee." Nilikuwa chini ya kikaushio cha nywele cha pili.

Kesho yake asubuhi nilimkalia Pavlik mezani, si kitini, mezani, mpaka akaandika upya. Nikamwambia aongeze jambo: Duane akifa, mjane ahesabiwe mimi. Jaji akasaini. Amri niliipeleka mwenyewe ofisi ya mfuko, Cleveland, kwenye theluji iliyomeza mabango ya barabarani, anayebisha hakuwepo.

Barua ya kukubaliwa ilifika Ijumaa. Jumamosi wenzake wakamfanyia Duane sherehe ya kumuaga kazini, kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Nakala yake ya barua ile ilikuwa bado kwenye sanduku lake la posta. Duane hakuwahi kuwa mtu wa kufungua barua.

Aliponiona mlangoni alishika kipaza sauti. "Verna bibie, umefuata keki?"

Wakacheka wote, hata wale niliowahi kuwapikia.

"Nimekuja kama mjane wako," nikasema.

Nikampa Trudy barua. Aliisoma polepole, midomo ikitembea, akairudia ile sehemu ya mjane. Kisha akamgeukia mumewe, kwa upole kabisa.

"Kwa hiyo, Duane, wewe ukifa mimi napata nini?"

Muziki walikuwa wameshauzima ili atoe hotuba. Nikavuta kiti cha mbele, nikakaa kumsikiliza.