Chumvi ya Moto Kwenye Lenzi

Neno lilianzia kwenye kwaya, kipupwe cha mwaka 2012: Ketrina, yule mjane mpiga picha za harusi wa Vwawa, amefunga hirizi kwenye kamera, na kila jioni anaielekeza mbinguni. Jumapili ilikuwa Meza ya Bwana. Mwenye hirizi haisogelei. Mzee wa kanisa Anania akaona aende mwenyewe.

Alimkuta nyuma ya nyumba, kamera juu ya stendi kati ya vichanja vya kahawa, kitambaa kilichotuna kimefungwa kuzunguka lenzi.

"Kumbe ni kweli, mama."

"Karibu, Mzee. Angalia usiguse kahawa."

"Hicho kitambaa?"

"Chumvi. Nimeikaanga kwanza."

"Ya kukandia mgongo? Kamera nayo inaumwa kiuno?"

Ketrina akacheka. Hakuwa na cha kuficha. Akamwonyesha ule Msalaba wa nyota upande wa kusini. "Kulia kwake kuna wingu, si la mvua. Ni hewa inayong'aa mbali huko, huitwa nebula. Macho yetu hayaliwezi. Kamera nikiiacha wazi kidogo, inaukusanya ule mwanga."

"Basi fungua hicho kitambaa, upige bila."

Akafungua. Wakakaa wakiongea habari za mavuno, na umande wa Mbozi ukashuka kama kawaida yake. Alipopiga, kioo cha nyuma kilionyesha weupe mtupu.

"Wingu lenyewe ndilo hili?" Anania akauliza. "Hata sufuria ya mke wangu inalo."

"Huo ni umande, Mzee. Lenzi imepoa bila joto la chumvi."

Akaifuta, akaenda jikoni kuipasha chumvi upya. Aliporudi hakuifunga kwanza. Alikifungua kitambaa mbele ya yule mzee.

"Onja."

Anania akatazama huku na huku. Mzee wa kanisa, kuonja kitu cha kwenye kitambaa, gizani! Akachovya kidole.

"Ya Ivuna hii, ile ile tunayopikia," akasema taratibu.

Ketrina akafunga, akapiga. Katikati ya nyota kukatokea doa la waridi, kama maji ya rozela yaliyomwagikia unga. Anania akavua kofia.

"Nani kaliweka kule?"

"Unaniuliza mimi, Mzee wa kanisa?"

Anania akacheka mpaka akakohoa. "Jumapili uje mezani, mama. Kwaya niachie mimi." Akainama tena kwenye kioo. "Ila rudia. Hapa pembeni umelikata."