Gunia la Mzee Kingi

Mimi nilisomea kufundisha historia, si kukusanya vyombo vikuukuu. Lakini jumba moja la makumbusho la Mji wa Kale liliandikiana na shule yetu ya Tudor, na mwalimu mkuu alipotafuta wa kusimamia, macho yake yakatua kwangu. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Wanafunzi wangeleta picha za kitu cha kazi cha wazee wao, makumbusho yangechagua vitu kumi, na siku ya ufunguzi kila mwenye kitu angesimama kando yake awaeleze wageni.

Wengi walileta picha za mabuli na vinara vya shaba, sijui kazi gani hiyo. Nyevu, msichana wa Majengo asiyeinua mkono darasani, alileta picha ya gunia. Babu yake, Mzee Kingi, alikuwa hamali katika soko la Marikiti. Kila siku alisukuma pembe moja ya gunia ndani ya nyingine, akalivaa kichwani likamfunika hadi mgongoni, ndipo akabebeshwa viazi vya watu. Pichani lilikuwa jeusi kwa jasho, na umbo la bega lake lilionekana bado.

Arnold, afisa wa makumbusho, alilichagua la kwanza. "Hili jasho ndiyo historia yenyewe," alisema. Mwezi ule Nyevu aliinua mkono darasani mara mbili. Nilihesabu.

Siku ya kupeleka vitu, alitoa mkobani gunia lililotakata, limepigwa pasi, linanukia sabuni ya kipande.

"Nyanya amelifua," alisema, macho chini.

Nilipandwa na mori. Arnold aliligeuza huku na huku, akaliweka mezani taratibu. "Gunia safi hata dukani liko, Mwalimu Awiti. Itabidi nichague kitu kingine."

Nyevu hakulia. Alilikunja, akaniambia siku ya ufunguzi hatakuja.

Ulimi hauna mfupa, na wangu ndio kabisa. Jioni ile nilifuatana naye hadi Majengo, nimejipanga kumweleza nyanya yake, kwa heshima zote, kwamba ameharibu. Bi Mejumaa alinikaribisha kwa kahawa na maulizo: hali yangu, hali ya wazazi, hali ya mvua huko kwetu Kisumu. Kikombe cha pili kilipoisha nikamwambia. Kwamba uchafu ule ndio uliotakiwa. Kwamba ndio uliokuwa na alama ya mumewe.

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua.

"Mwanangu, miaka thalathini na mbili n'limfulia gunia lile kila Ijumaa, siku yake ya kupumzika. Jumamosi akitoka, yuwatoka msafi. Mahamali wenziwe wakimcheka, wakimwita bwana harusi."

"Lakini pichani lilikuwa..."

"Alikufa Jumatano," alisema. "Lile jasho ni la siku nne za mwisho. Ijumaa ilipofika n'lilishika, mikono ikakataa. Nikalitundika. Miaka tisa."

Nyevu alikuwa mlangoni. Hakuwa amewahi kuyasikia haya, ilionekana usoni.

"Sasa mwaja mwaniambia yuwenda kutazamwa na watu," Bi Mejumaa alisema. "Nimtoe na taka zake? Mimi, mkewe?"

Niliona haya. Niliomba radhi, naye akaniongeza kahawa.

Asubuhi Nyevu alinitangulia makumbusho. Nilimkuta amesimama mbele ya meza ya Arnold, gunia limekunjuliwa, anasema kwa sauti ambayo sikujua anayo. Alisema yote, Ijumaa hadi Jumatano. Kisha akasema, "Nyanya alikuwa hajamaliza kumfulia. Juzi ndiyo amemaliza."

Arnold alipapasa mezani akitafuta kalamu.

"Sema tena," alimwambia. "Polepole, niandike."